UZI: Matukio makubwa yaliyoangukia tarehe moja, na namna ya kuyahakiki kabla hujayatangaza

#1 Mhakiki wa Tarehe

Wakuu, orodha za "siku kama ya leo" zina wapenzi wengi, na zinastahili. Tatizo ni kwamba nyingi zinanakiliwa kutoka orodha nyingine bila mtu kuuliza tarehe hiyo ni ya kalenda ipi, ya saa za wapi, na inahesabu hatua gani ya tukio. Matokeo yake watu wanastaajabia sadfa ambayo haikuwepo, huku sadfa ya kweli ikipita kimya. Uzi huu ni kwa wanaotunga orodha hizo: walimu, watangazaji, wahariri wa kurasa za historia. Mwenye nyama aongeze.

Naanza na mfano unaorudiwa kila mwaka: eti waandishi Shakespeare na Cervantes walifariki siku moja, 23 Aprili 1616.

Shakespeare alifariki 23 Aprili 1616 kwa hesabu ya Uingereza, iliyokuwa bado inatumia kalenda ya zamani ya Juliani. Cervantes alifariki Madrid 22 Aprili 1616 na kuzikwa kesho yake, kwa hesabu ya Hispania iliyokuwa imehamia kalenda ya Gregori, hii tunayotumia leo, tangu 1582. Ukiihamisha tarehe ya Shakespeare unapata 3 Mei. Maana yake Cervantes alitangulia kwa siku 11. UNESCO ilipoiteua 23 Aprili kuwa Siku ya Vitabu mwaka 1995 ilichukua tarehe iliyoandikwa, na hapo hapana ubaya. Ubaya unaanza pale mtu anaposema walikata roho siku moja.

Kanuni ya kuhamisha ni fupi, inafanyika kichwani:

1. Chukua karne kama inavyosomeka mwanzoni mwa mwaka. Kwa 1616 ni 16.
2. Igawanye kwa 4, chukua namba nzima tu. Hapa ni 4.
3. 16 toa 4, kisha toa 2. Jibu ni 10. Hizo ndizo siku za kuongeza kwenye tarehe ya Juliani.

Mwaka 1917: 19 toa 4 toa 2, siku 13. Mwaka 1752: 17 toa 4 toa 2, siku 11. Mwaka 1389: 13 toa 3 toa 2, siku 8. Mtego mmoja: mwaka ukiishia na sifuri mbili na tarehe ikiwa ya Januari au Februari, tumia karne iliyotangulia, kwa sababu tofauti huongezeka baada ya Februari kwisha.

Halafu ujue nchi ilihama lini. Hispania, Ureno, Poland na sehemu kubwa ya Italia zililala 4 Oktoba 1582 zikaamka 15 Oktoba. Uingereza na makoloni yake, 2 Septemba 1752 ikafuatiwa na 14 Septemba. Urusi, 31 Januari 1918 ikafuatiwa na 14 Februari. Ugiriki, 15 Februari 1923 ikafuatiwa na 1 Machi. Ndiyo maana Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi (25 Oktoba 1917) huadhimishwa 7 Novemba, na yale ya Februari yalianza 23 Februari, ambayo kwa wengine ilikuwa 8 Machi, Siku ya Wanawake.

---

#2 Mzee Majira

Mkuu umeanza vizuri. Naongeza jambo ambalo naona ndilo la msingi: matukio mawili kushea tarehe si lazima iwe sadfa. Mara nyingi mtu aliichagua.

Angalia 18 Januari. Mwaka 1701 Frederick alivikwa taji la ufalme wa Prussia huko Königsberg. Mwaka 1871 dola ya Ujerumani ikatangazwa Versailles tarehe hiyo hiyo, kwa sababu Prussia ilitaka kumbukumbu ya miaka 170. Mwaka 1919 mkutano wa amani wa Paris ukafunguliwa 18 Januari, safari hii Wafaransa wakimrudishia Mjerumani tarehe yake. Hiyo ni kamba moja iliyosokotwa na watu.

2 Desemba ni vivyo hivyo. Napoleon alijivika taji 1804, mwaka uliofuata akashinda Austerlitz tarehe hiyo. Mpwa wake Louis-Napoleon akaichagua kwa mapinduzi yake ya 1851, na mwaka 1852 akatangaza dola ya pili siku hiyo hiyo. Kati ya manne, Austerlitz tu ndiyo haikupangwa kwenye karatasi.

Na kwetu Afrika mpangilio huu umejaa. Tanganyika: uhuru 9 Desemba 1961, jamhuri 9 Desemba 1962. Kenya: uhuru 12 Desemba 1963, jamhuri 12 Desemba 1964. Nigeria: 1 Oktoba 1960 na 1 Oktoba 1963. Ghana ilipata uhuru 6 Machi 1957, tarehe ya ule mkataba wa 6 Machi 1844 kati ya machifu wa pwani na Waingereza. Ukiziweka hizi kwenye orodha chini ya kichwa "ajabu ya historia", unampotosha msomaji. Ziweke chini ya "tarehe iliyochaguliwa", na useme nani aliichagua na kwa nini. Hapo ndipo penye utamu wenyewe.

---

#3 Msomaji wa Usiku

Wakuu, swali. Kuna hii ya 9 Novemba kwa Wajerumani: 1918, 1923, 1938, 1989. Hiyo iwekwe kundi gani, sadfa au makusudi?

---

#4 Mzee Majira

Kijana wangu, hiyo ina yote mawili ndani yake, ndiyo maana inafaa kufundishia.

9 Novemba 1918: kujiuzulu kwa Kaiser Wilhelm II kunatangazwa Berlin, mwanasiasa Scheidemann anatangaza jamhuri. Tarehe ilitokana na mwendo wa vita na uasi wa mabaharia. Hakuna aliyeipanga.

8 hadi 9 Novemba 1923: jaribio la Hitler kupindua serikali Munich. Lilianza usiku wa tarehe 8 kwenye ukumbi wa bia, likazimwa kwa risasi mchana wa tarehe 9. Orodha nyingi hufuta ule usiku wa kwanza.

9 Novemba 1938: hapa kuna mnyororo wa sababu. Viongozi wa Nazi walikuwa wamekusanyika Munich kuadhimisha lile jaribio la 1923. Jioni hiyo ikafika habari kwamba mwanadiplomasia vom Rath, aliyepigwa risasi Paris siku mbili kabla, amefariki. Goebbels, waziri wa propaganda, akahutubia, amri zikatoka kwa simu, masinagogi yakachomwa usiku kucha hadi tarehe 10. Kama si maadhimisho ya 1923, wote hao wasingekuwa chumba kimoja usiku huo.

9 Novemba 1989: Schabowski, msemaji wa chama tawala cha Ujerumani Mashariki, anaulizwa na waandishi kanuni mpya za safari zinaanza lini, naye anajibu kwamba kwa anavyofahamu zinaanza mara moja. Ilikuwa kabla ya saa 1 usiku. Karibu saa 5:30 usiku kizuizi cha Bornholmer Straße kwenye Ukuta wa Berlin kikafunguliwa. Kanuni zilikusudiwa kuanza kesho yake. Tarehe hii ni sadfa tupu.

Kwa hiyo andika: 1918 na 1989 hazikupangwa, 1938 ilibebwa na 1923. Ongeza na ya tano inayosahaulika, mapinduzi ya Napoleon ya 18 Brumaire mwaka wa VIII wa kalenda ya Mapinduzi ya Ufaransa, ambayo ni 9 Novemba 1799. Wajerumani wenyewe walikwepa kuifanya 9 Novemba sikukuu ya taifa kwa sababu ya 1938. Wakachukua 3 Oktoba, siku nchi mbili zilipoungana 1990.

---

#5 Bi Hilali

Asalaam aleikum nyote. Naomba niingize upande wa Hijria, maana ndiko orodha nyingi zinakoharibika.

Kwanza, siku ya Hijria huanza jua linapozama. Tukio la usiku wa kuamkia tarehe 10 kwa hesabu ya kizungu linaweza kuwa tayari ndani ya siku mpya ya Hijria. Ukipata chanzo cha zamani kinachosema "usiku wa Ijumaa", elewa ni usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, yaani Alhamisi jioni kwa saa za ukutani. Mtu asiyejua hilo hukosea siku nzima.

Pili, majedwali ya kubadilisha tarehe hutumia mzunguko wa miaka 30, ambamo miaka 11 ina siku 355 na 19 ina siku 354. Hiyo ni hesabu ya wastani. Wakati wenyewe watu walifuata kuandama kwa mwezi, na mawingu hayajui jedwali. Tofauti ya siku moja ni ya kawaida, mbili hutokea. Dawa yake ni siku ya juma: chanzo kikitaja "Jumanne" pamoja na tarehe, shika Jumanne, kisha sogeza tarehe hadi ikubaliane nayo. Siku za juma hazikuvurugwa na kalenda hizi. Hata Papa Gregori alipokata siku 10, Alhamisi 4 Oktoba ilifuatiwa na Ijumaa 15 Oktoba.

Tatu, ukumbusho wa Hijria hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa jua. Kwa hiyo matukio mawili ya Ramadhani 10 huenda yakawa miezi sita mbali kwa kalenda ya Gregori. Amua mapema orodha yako inafuata kalenda ipi, usichanganye.

Mfano ninaoupenda ni 6 Oktoba 1973. Siku hiyo Misri na Syria ziliishambulia Israel. Ilikuwa 10 Ramadhani 1393, na kwa Wayahudi ilikuwa Yom Kippur, 10 Tishri 5734. Ndiyo maana vita ile ina majina matatu: ya Oktoba, ya Ramadhani, ya Yom Kippur. Tukio moja, kumbukumbu tatu zinazoachana kila mwaka. Na 20 Novemba 1979, siku Msikiti Mtukufu wa Makka ulipotekwa, ilikuwa 1 Muharram 1400. Huo ni uchaguzi, si bahati: waliouteka walisubiri karne mpya ianze.

---

#6 Mhakiki wa Tarehe

Bi Hilali, shukrani sana. Hiyo ya siku ya juma naikazia, ndiyo kipimo cha haraka kuliko vyote.

Nitoe na mfano unaoonyesha mtu anaweza kuongeza siku sahihi na bado akakosa. 28 Juni. Mwaka 1914 Franz Ferdinand, mrithi wa taji la Austria, anauawa Sarajevo. Mwaka 1919, miaka mitano kamili, mkataba wa Versailles unatiwa saini. Hizi mbili ni safi. Halafu watu wanaongeza vita vya Kosovo, "28 Juni 1389".

Vita vile vilipiganwa 15 Juni 1389 kwa Juliani, sikukuu ya Mtakatifu Vitus kwa Waserbia. Kanisa lao liliendelea na Juliani, kwa hiyo sikukuu ilibaki 15 Juni kwenye vitabu vyao. Karne ya 20 tofauti ni siku 13, ndipo sikukuu ikaangukia 28 Juni kwa Gregori. Lakini mwaka 1389 wenyewe tofauti ilikuwa siku 8, kwa hiyo ukihamisha siku ya vita unapata 23 Juni.

Nini cha kuandika? Andika kwamba Ferdinand aliuawa siku ya ukumbusho wa Kosovo. Hiyo ni kweli na ina uzito, kwa kuwa waliompiga risasi waliijua siku hiyo inamaanisha nini. Usiandike kwamba Kosovo ilipiganwa 28 Juni 1389. Tarehe hiyo haipo kwenye kalenda yoyote ya wakati ule.

Kwa matukio ya kabla ya 1582 desturi ya wanahistoria ni kuacha tarehe ya Juliani kama ilivyo. Constantinople iliangushwa Jumanne 29 Mei 1453, na orodha inaiweka 29 Mei. Sawa. Hillary na Tenzing walifika kilele cha Everest 29 Mei 1953. Ziko kwenye tarehe moja kwa desturi, lakini ukisema "miaka 500 kamili kwa siku" umepitiliza: kwa jua, miaka 500 ya Constantinople ilitimia 7 Juni 1953.

---

#7 Msomaji wa Usiku

Na hii ya Newton kuzaliwa mwaka aliofariki Galileo?

---

#8 Mhakiki wa Tarehe

Inavunjika mkuu. Galileo alifariki 8 Januari 1642 kwa Gregori, alikuwa Italia. Newton alizaliwa 25 Desemba 1642 kwa Juliani, yaani 4 Januari 1643. Ukitumia kalenda moja kwa wote wawili, miaka haifanani, kalenda yoyote utakayochagua. Maana kwa Juliani Galileo anarudi 29 Desemba 1641.

Uingereza kuna mtego wa ziada: hadi 1751 mwaka wao wa kisheria ulianza 25 Machi. Cheti cha Februari 1731 mara nyingi ni Februari ya 1732 kwetu. George Washington aliandikwa 11 Februari 1731, na leo anaadhimishwa 22 Februari 1732. Siku zimeongezeka 11 na mwaka umeongezeka mmoja. Ukiona tarehe ya Kiingereza kati ya 1 Januari na 24 Machi kabla ya 1752, simama uulize mwaka unahesabiwaje.

---

#9 Nahodha wa Saa

Naona hakuna aliyegusa saa za dunia. Kuanzia zama za telegrafu hadi leo makosa ya kalenda yanapungua, makosa ya saa yanaongezeka.

Chombo cha Apollo 11 kilitua mwezini 20 Julai 1969 saa 2:17 usiku kwa saa za dunia, yaani UTC (20:17). Armstrong alikanyaga udongo saa 8:56 usiku (02:56), na kwa saa za dunia tayari ilikuwa 21 Julai. Marekani bado ilikuwa tarehe 20, saa 4:56 usiku kwa saa za Washington. Ukisema "kutua" tarehe 20 inatosha kwa nchi nyingi. Ukisema "hatua ya kwanza" lazima utaje ni kwa saa za wapi. Mashariki mwa Afrika, Ulaya na Asia ilikuwa 21.

Pearl Harbor: shambulio la Japani lilianza 7 Desemba 1941 saa 1:48 asubuhi ya Hawaii. Japani ilikuwa 8 Desemba. Kota Bharu huko Malaya ilivamiwa zaidi ya saa moja kabla, lakini kwenye orodha ina tarehe 8 Desemba kwa sababu iko upande wa pili wa mstari wa tarehe. Mtu anayepanga kwa tarehe peke yake anaiweka Malaya baada ya Pearl Harbor na kugeuza mfuatano mzima. Na ukitaka kuhesabu mwenyewe, kumbuka Hawaii wakati huo ilikuwa nyuma kwa saa 10 na nusu, si 10 kama sasa. Kanda za saa zinabadilishwa na serikali, kwa hiyo tumia tofauti ya mwaka ule.

Kujisalimisha kwa Ujerumani 1945: hati ya kwanza ilitiwa saini Reims 7 Mei saa 8:41 usiku, mapigano yakome 8 Mei saa 5:01 usiku kwa saa za Ulaya ya kati. Moscow ilikuwa imekwishavuka saa 6 usiku. Magharibi wanaadhimisha 8, Warusi 9, na wote wako sahihi.

Kuna pia tarehe ambazo hazikuwepo kabisa. Samoa haina 30 Desemba 2011: ililala Alhamisi 29 ikaamka Jumamosi 31 baada ya kuvuka mstari wa tarehe. Ufilipino haina 31 Desemba 1844. Alaska ilipokabidhiwa kwa Marekani 1867 ilibadili kalenda na upande wa mstari kwa pamoja: Ijumaa 6 Oktoba ikafuatiwa na Ijumaa 18 Oktoba. Ijumaa mbili mfululizo.

Ombi langu kwa wanaoandika Kiswahili: kwenye jedwali weka saa kwa mtindo wa 24, kwenye maandishi tumia saa zetu na useme asubuhi, mchana, jioni au usiku. "Saa 8" peke yake kwenye jedwali ni bomu.

---

#10 Mzee Majira

Na ile ya tatu aliyoitaja mkuu mwanzoni, hatua gani ya tukio inahesabiwa, nami niiguse.

Lincoln alipigwa risasi usiku wa 14 Aprili 1865, akafariki 15 Aprili saa 1:22 asubuhi. Titanic iligonga barafu 14 Aprili 1912 saa 5:40 usiku, ikazama 15 Aprili saa 8:20 usiku kwa saa za melini. Haya mawili yanalingana tarehe zote mbili ukiweka pigo kwa pigo na mwisho kwa mwisho. Ukichanganya, risasi ya Lincoln na kuzama kwa Titanic, hayalingani.

4 Julai 1776: Bunge la makoloni ya Marekani lilipiga kura ya uhuru 2 Julai, likapitisha maandishi ya azimio 4 Julai, na wengi wao walitia saini 2 Agosti. Kusema "lilitiwa saini 4 Julai" ndilo kosa maarufu kuliko yote.

Azimio la Arusha nalo: Halmashauri Kuu ya TANU ililipitisha Arusha mwishoni mwa Januari 1967, likatangazwa 5 Februari. CCM ikazaliwa 5 Februari 1977. Ukitumia siku ya kupitishwa, mlingano unapotea. Ukitumia ya kutangazwa, unapatikana, na ASP, chama cha Zanzibar, ya 5 Februari 1957 inaingia humo humo.

---

#11 Mtu wa Namba

Wakuu salaam. Watu wanauliza "uwezekano wake ni mdogo kiasi gani?" Mara nyingi si mdogo.

Ukichukua matukio mawili uliyoyataja kabla hujaangalia tarehe, nafasi ya kushea siku ni 1 kwa 365. Lakini ukiwa na matukio 23 tu, kuna jozi 253 (23 mara 22 gawa 2), na nafasi ya kupata angalau jozi moja inayoshea inavuka nusu. Ukifikisha 57 inapita asilimia 99. Orodha ya matukio 10,000 inakupa wastani wa 27 kwa kila tarehe. Kwa hiyo kila siku ya mwaka itakuwa na "maajabu" yake, na kupata mawili yanayofanana ni suala la kutafuta.

Darwin na Lincoln walizaliwa 12 Februari 1809. Siku na mwaka vyote vinakubali, kalenda moja, tofauti ni bahari tu. Sadfa safi. John F. Kennedy, Aldous Huxley na C. S. Lewis walifariki wote 22 Novemba 1963. Nayo safi.

Marais wa zamani wa Marekani Adams na Jefferson kufariki wote 4 Julai 1826, miaka 50 kamili ya azimio walilolishughulikia pamoja, na mwenzao Monroe akawafuata 4 Julai 1831: hapo nakubali mtu ashangae. Ila wawili wa kwanza walikuwa wagonjwa, mmoja ana miaka 90 na mwingine 83, na siku yenyewe ilikuwa na maana kwao. Huenda nia ya kuifikia siku ilichangia. Hesabu ya kete haiwahusu moja kwa moja.

Jambo la pili: tarehe hazijatawanyika sawasawa. Tarehe 1 ya mwezi imejaa kupita kiasi, kwa kuwa serikali huanzisha mambo tarehe 1. Angalia 1 Julai: Canada 1867, jamhuri ya Ghana 1960, Somalia 1960, Rwanda na Burundi 1962, Hong Kong kurudishwa China 1997. Angalia 1 Januari: Haiti 1804, Sudan 1956, Cameroon 1960. Tena 1 Januari ina uchafu wake, kwa sababu mifumo mingi hujaza tarehe hiyo mtu anapojulikana mwaka tu. Ukiona mtu wa karne ya 15 "amezaliwa 1 Januari", mshuku.

Kwa kulinganisha, 27 Aprili naiona safi zaidi: uhuru wa Togo 1960, wa Sierra Leone 1961, na siku kuu ya kupiga kura Afrika Kusini 1994. Nayo 27 Agosti: mlipuko mkubwa wa Krakatoa 1883 na ile vita ya Zanzibar ya 1896 iliyokwisha ndani ya saa moja.

---

#12 Fundi Jedwali

Naleta upande wa kompyuta, maana orodha nzuri huharibikia huko.

Usihifadhi tarehe kama tarehe. Tengeneza safu tofauti: mwaka, mwezi, siku, kalenda (J au G), mahali, hatua ya tukio, siku ya juma. Sababu ni hizi. Excel haitambui tarehe yoyote kabla ya 1 Januari 1900, inaiona ni maandishi tu. Na ndani yake kuna 29 Februari 1900, siku ambayo kwa Gregori haikuwepo, kosa lililoachwa makusudi ili ikubaliane na programu ya zamani ya Lotus 1-2-3. Halafu 4/7 kwa Mwingereza ni Julai, kwa Mmarekani ni Aprili. Ukipokea faili la watu usigeuze kitu kabla hujapata mstari wenye siku inayozidi 12, huo ndio utakuonyesha mpangilio.

Kuhakiki kwa wingi, geuza kila tarehe iwe namba ya siku ya Juliani, hesabu mfululizo wanayotumia wanaastronomia. Ukiwa na siku S, mwezi M, mwaka W, na kila mgawanyo ukichukua namba nzima tu:

a = (14 − M) / 12
y = W + 4800 − a
m = M + 12a − 3

Gregori: S + (153m + 2)/5 + 365y + y/4 − y/100 + y/400 − 32045
Juliani: S + (153m + 2)/5 + 365y + y/4 − 32083

Jaribio: 4 Oktoba 1582 kwa Juliani itoe 2299160, na 15 Oktoba 1582 kwa Gregori itoe 2299161. Zikifuatana, umeandika sawa. Gawanya jibu kwa 7: baki 0 ni Jumatatu, 1 Jumanne, hadi 6 Jumapili. Cervantes anatoka 2311404, Ijumaa. Shakespeare 2311415, Jumanne. Siku 11 kati yao, kama mkuu alivyosema.

Kosa linalotokea sana ni kuweka tarehe ya Juliani kwenye fomula ya Gregori. Utaligundua pale siku ya juma inapokataa kufanana na ya kwenye chanzo.

---

#13 Msomaji wa Usiku

Fundi nimekupata. Sasa tukio la 29 Februari linawekwa wapi miaka ya kawaida?

---

#14 Fundi Jedwali

Libaki 29 Februari, mkuu. Usilihamishe. Kama kipindi lazima kitoke kila mwaka, lisome 28 au 1 Machi huku ukitaja tarehe yake halisi. Kwa Gregori siku hiyo hutokea mara 97 katika miaka 400. Na usishtuke ukikuta 30 Februari 1712 kwenye hati ya Uswidi. Hiyo ilikuwepo kweli: walifuta 29 Februari ya mwaka 1700 wakikusudia kuhama polepole, mpango ukakwama, wakarudi Juliani kwa kuongeza siku mbili Februari hiyo. Walihama rasmi 1753. Mtu "aliyesahihisha" tarehe hiyo kuwa 1 Machi ameharibu rekodi nzima.

---

#15 Bi Hilali

Mhakiki, tupe tarehe moja uliyokwisha kuichambua, wenzetu wapate sampuli ya kufuata.

---

#16 Mhakiki wa Tarehe

Sawa, Bi Hilali. 11 Februari.

1929, G, Roma. Mkataba wa Lateran, uliozaa dola ya Vatican, unatiwa saini. Hatua: saini.
1979, G, Tehran. Jeshi linatangaza kutoegemea upande wowote, serikali ya Shah inaanguka. Kwa kalenda ya jua ya Iran ni 22 Bahman 1357. Jumapili. Hatua: kuanguka kwa serikali, kwani Shah mwenyewe alikwishaondoka nchini 16 Januari.
1990, G, Paarl. Nelson Mandela anatoka gereza la Victor Verster alasiri. Jumapili. Hatua: kutoka. Tangazo la Rais De Klerk kwamba ataachiwa ni 2 Februari.
2011, G, Cairo. Makamu wa rais Omar Suleiman anatangaza kwamba Rais Hosni Mubarak amejiuzulu. Ijumaa. Hatua: tangazo.

Uhusiano: sadfa. Hakuna anayejulikana kuichagua kwa ajili ya mwingine.

Nje ya jedwali naweka moja kwa alama yake: kuanzishwa kwa dola ya Japani, 660 KK. Hiyo ni tarehe ya masimulizi, iliyopigiwa hesabu na serikali ya Meiji miaka ya 1870 kutoka kwenye maandishi ya kale. Sikukuu yake ni ya kweli na inaadhimishwa 11 Februari, lakini tukio lenyewe halipewi siku ya juma wala halihesabiwi na yale manne.